Mishale ya Chaki

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa darasa la ubatizo ametugawia madaftari na kusema kila mmoja aandike siku zake mpaka siku ya kubatizwa. Hatayasoma. Nilimuuliza, kama yeye hayasomi, tunamwandikia nani? Akasema, "Andika kwanza, utamjua." Huyu mama alikuwa mkunga hospitalini miaka thelathini, amezoea kuwaambia watu wasukume bila kuwapa maelezo mengi.

Basi nijieleze. Mimi ni mkataji wa vitambaa. Nina miaka arobaini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo nimeimaliza kwenye meza moja, katika karakana ya ushonaji iliyo juu ya duka la vioo. Wanawake wa rika langu huitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani, mama nani. Mimi sina mtoto, kwa hiyo naitwa Mkasi. Aliyenibandika jina hilo ni Tajiri, mwanamke mwenye karakana, na sijawahi kulikataa. Katika miaka kumi na tisa sijaharibu hata kipande kimoja. Hilo naliandika mapema ili lijulikane.

Mvua zimeanza leo asubuhi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kola arobaini za sare za shule. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Darasani tuko saba, na mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Niliingia humu kupitia kazini. Jengo jipya la kanisa la hapa mtaani linafunguliwa mwishoni mwa Aprili na kwaya inataka majoho ishirini na manne. Mwezi uliopita nilikwenda kuwapima mabega, nikakaa mpaka mwisho wa mazoezi. Jumapili iliyofuata nilirudi bila futi ya kupimia. Sina maelezo zaidi ya hayo.

Leo tumejaza fomu. Jina, nimeandika. Tarehe ya kuzaliwa, nimeandika ile aliyoikadiria Shangazi. Mstari wa tatu unasema "Mtoto wa", kisha nukta nyingi. Hapo kalamu ikanigomea. Baba simjui. Mama alinileta kwa Shangazi nikiwa na miaka minne, akasema anatoka kidogo kununua sabuni. Sijui ni sabuni gani hiyo, maana mpaka leo hajarudi nayo. Shangazi alinilea, lakini hakutaka hata siku moja nimwite mama. Alisema kila mtu abaki na cheo chake.

Mwalimu alinikuta nimekwama, nikamweleza yote, pamoja na ya sabuni. Akasema niuache wazi huo mstari, fomu haina haraka. Nimeuacha. Wenzangu wote wamejaza.

Jumanne, 11 Machi

Kitambaa cha majoho kimefika, jora moja la mahameli, rangi ya damu ya mzee. Tajiri alilipima akakunja uso. Linatosha majoho ishirini tu, na muuzaji hana jingine la rangi hiyo. Watu wakaanza kukuna vichwa. Nikasema nitatoa yote ishirini na manne.

Joho ni jembamba mabegani na pana chini. Ukilaza la kwanza kichwa juu, la pili kichwa chini, yanaingiliana vizuri na kitambaa hakipotei. Nilichora kwenye karatasi, Tajiri akaona, uso ukamkunjuka. Akawaambia wenzangu waje wajifunze.

Mshonaji wetu tunamwita Pole, kwa sababu kila sentensi yake huanza hivyo. Alipitisha kiganja juu ya mahameli, akasema, "Pole, dada. Hiki hakina upande wa kulala?" Nikamjibu mbele ya wote kwamba nilikuwa nakata suti za watu yeye akiwa bado anafutwa kamasi. Karakana nzima ikacheka. Pole akarudi kwenye cherehani yake.

Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Mahameli nimewahi kuikata kwenye kola tu. Na mwanafunzi yeyote wa kukata hufundishwa kuchora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande, ili ijulikane juu ni wapi. Mimi mishale niliiacha mwaka wangu wa tatu. Ni kazi ya wanaoanza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemaliza kukata. Majoho ishirini na manne, na mabaki yanaenea kwenye mfuko wa shati. Tajiri amewaita majirani wa duka la vioo wapande juu waone hayo mabaki. Nilisimama pale kifua mbele.

Nilipomwambia Shangazi, alisema, "Vizuri. Mtu wa hivyo hafukuzwi." Ananiambia maneno ya namna hiyo tangu nina miaka mitano: fua uwe na faida, pika uwe na faida, hutafukuzwa. Leo yalinipendeza.

Jumamosi, 15 Machi

Darasani tumesoma kwamba Mungu ndiye aliyemfuma kila mtu tumboni mwa mama yake. Nikanyoosha mkono. Nikasema kufuma sijui, mimi najua kukata, na penye kukata pana mabaki. Hayo mabaki huwa yanakwenda wapi? Vijana wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema anayefuma hana mabaki, anaanza na uzi na anajua atakapoishia.

Nimerudi nyumbani nimekasirika, wala sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Taa zinawaka mchana kutwa na bado hatuonani vizuri. Pole anashona majoho. Hatujaongea sawasawa tangu siku ile, na sioni kwa nini nianze mimi.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Majoho yote yameshonwa. Pole ameyapiga pasi moja moja kwa upande wa ndani, kwa kitambaa kibichi, polepole. Yananing'inia kwenye kamba chumba kizima. Hata katika giza hili la mvua yanapendeza, mpaka nikayahesabu mara mbili. Nimejisemea kwamba hata aliyekwenda kununua sabuni angeyaona, angejuta.

Jumatano, 2 Aprili

Baada ya wiki nne na zaidi, jua limetoka. Mwalimu wa kwaya alikuja na waimbaji wake kuvaa majoho kwa mara ya kwanza. Juu hakuna nafasi, kwa hiyo tulishuka uani, nyuma ya duka la vioo. Wakajipanga mistari miwili. Mimi nilisimama kando nikingoja kusifiwa.

Kwanza mtu mmoja alicheka. Nikatazama. Kumi na wawili walikuwa wamevaa damu ya mzee, rangi nzito iliyoiva. Wengine kumi na wawili walikuwa wamevaa nyekundu iliyopauka, yenye kung'aa. Zilikuwa kwaya mbili uwanja mmoja. Nilidhani ni kivuli cha ukuta, nikawasogeza. Hakikuwa kivuli.

Nikapitisha kiganja kwenye joho moja lililopauka, kutoka begani kushuka. Laini. Nikapitisha kwenye joho la jirani yake lililoiva. Manyoya yakasimama, yakaukataa mkono. Nikajua palepale. Manyoya ya mahameli hulala upande mmoja, na ukiigeuza, mwanga unaipiga vingine. Nusu ya majoho niliyakata kichwa chini, na mvua zote hizi zilikuwa zinanifichia.

Tajiri alikuwa ameshamgeukia Pole. Alimwambia ameyaunguza kwa pasi. Pole alitazama mikono yake mwenyewe, kisha akasema, "Pole, Tajiri. Labda moto ulizidi." Hakuwa anajitetea wala kudanganya. Alikuwa anaamini kweli. Tajiri akamwambia abaki nyumbani mpaka atakapoitwa.

Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Mdomo ulishaanza kufunguka. Kisha nikamsikia Tajiri akimwambia mwalimu wa kwaya, "Kukata kulikuwa safi, hilo nakuhakikishia. Aliyekata ni Mkasi." Nikaufunga mdomo.

Alhamisi, 3 Aprili

Jua.

Ijumaa, 4 Aprili

Jua. Kiti cha Pole kiko wazi. Mtu ameweka mfuko wake juu yake, nikauondoa, halafu nikaona aibu kwamba mimi ndiye niliyeuondoa.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo darasani sikusikia kitu. Wenzangu walipoondoka nilibaki kwenye benchi, nikajifanya natafuta mwavuli, ingawa jua linawaka. Mwalimu akaja akaketi benchi la mbele yangu. Hakuniuliza nina nini.

Nilimuuliza, mtu akiwa na kitu kimoja tu kinachomfanya ahesabike, kisha akakosea kwenye kitu hichohicho, anabaki nani?

Akasema, "Nimepokea watoto zaidi ya elfu nne kwa mikono hii. Hakuna hata mmoja aliyekuja ana kazi mkononi. Walikuja wachafu, wanapiga kelele, hawajamfaa mtu yeyote. Na kila mmoja nilimshika kwa mikono miwili nikamwambia karibu. Kama mimi niliweza, mkunga niliyechoka, nataka kwenda kulala, wewe unadhani Mungu alishindwa?"

Akaongeza, "Au unadhani siku ile na Yeye alikwenda kununua sabuni?"

Nilicheka. Kisha nikalia, tena kile kilio cha kutoka makamasi, mbele ya kabati la vitabu vya nyimbo. Kisha nikakasirika kwamba nimelia. Mwalimu alinipa leso na kuniacha nimalize yote matatu.

Njiani nilitembea taratibu. Nimeishi miaka yangu yote kama mgeni anayekimbilia kuosha vyombo ili asiambiwe aondoke. Kila joho, kila kola, kila suti, nilikuwa naomba nibakizwe. Na kumbe nilikuwa nyumbani. Nilikuwa mtoto wa nyumba kabla sijajua kushika sindano, na Yule aliyenifuma hakuwa anangoja aone nitamfaa nini. Hili nimelisikia Jumapili nyingi mwaka huu, lakini leo ndipo lilipoingia. Nimelisema kwa sauti barabarani, mtu mmoja akageuka kunitazama.

Kisha nikamkumbuka Pole, na furaha yote ikapata uzito. Kama nimekaribishwa bila mkasi mkononi, basi siuhitaji huo mkasi kiasi cha kumzika mwenzangu. Jumapili nitaomba nguvu. Jumatatu nitasema.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilikwenda kwanza kwa Pole, kabla ya kazi. Alikuwa anafagia mlangoni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiketi nitaanza kuzungusha maneno.

"Nilikuuliza, dada," akasema.

"Uliniuliza. Na mimi nikakuchekea mbele za watu."

"Ulijua lini?"

"Jumatano. Palepale uani."

Aliweka ufagio ukutani. "Siku tano namwambia mume wangu kwamba mimi kazi imenishinda."

Hizo zilikuwa sentensi zake tatu, na hakuna hata moja iliyoanza na pole. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, alisema atavaa viatu. Tukaongozana mpaka karakana.

Tajiri alikuwa juu na mwalimu wa kwaya, wanatafuta la kufanya. Nikawaambia majoho hayakuungua. Nusu nilikata kichwa chini, sikuchora mishale, Pole aliniuliza kabla sijagusa mkasi, nikamnyamazisha, na alipolaumiwa nikanyamaza. Nikachukua mkono wa Tajiri nikaupitisha juu ya joho moja, kisha la pili, ili ajionee mwenyewe.

Cherehani zote zilikuwa zimesimama. Tajiri akasema, "Miaka kumi na tisa." Akachukua mkasi wangu mezani akampa Pole. Akasema kuanzia leo Pole anakata, mimi nikae kwenye kiti cha vifungo, karibu na mlango.

Nilikwenda nikaketi. Nilikuwa nangoja nipotee, kwa sababu tangu utotoni nilijua siku hii ikija nitapotea. Nikatia uzi kwenye sindano. Nikashona kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilikuwa bado nipo. Shingo yangu ilikuwa imesimama, na nilipotazama mlangoni sikuona wa kunitoa.

Jioni nilimwambia Shangazi. Nilikuwa tayari kwa lolote. Aliniuliza, "Umekula?" Akanipakulia. Nilipomaliza ndipo aliposema kwamba alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye nyumba za watu, na akafukuzwa mara tatu, mara moja kwa sababu ya kikombe. "Nilitaka wewe usifukuzwe," akasema. "Sikujua namna nyingine ya kukuambia."

Miaka thelathini na saba nimekaa na huyu mwanamke nikidhani ananipima. Alikuwa ananiogopea. Nilimshika mkono, akauacha nimshike kidogo, kisha akasema nikaoshe vyombo.

Alhamisi, 10 Aprili

Vifungo mia moja na sita. Pole anakata na kuchora mishale. Alikwama kwenye mkunjo wa mfuko, akanitazama kwa mbali. Nilisimama nikaenda nikamwonyesha, kisha nikarudi kwenye kiti changu. Mmoja wa wenzetu alinong'ona kwamba sina haya. Haya ninayo, nimeamua tu isinikalie kichwani.

Jumatano, 16 Aprili

Rangi hiyo haipatikani popote. Kwaya imeamua kuvaa majoho kama yalivyo. Mwalimu wao atawapanga mmoja aliyeiva, mmoja aliyepauka, mpaka mwisho wa mstari. Mvua imerudi kidogo mchana.

Jumamosi, 26 Aprili

Darasa la mwisho. Shangazi amekuja nami. Huyu huingia kanisani kwenye maziko tu, lakini alitaka kujua kesho ni saa ngapi, watu huketi wapi, na kama kuna kusimama sana.

Mwalimu alitoa fomu zetu. Yangu ilikuwa na ule mstari mtupu. Nikachukua kalamu, na baada ya "Mtoto wa" nikaandika: Mungu. Niliandika kwa herufi kubwa, za mtu aliyezoea kuandika vipimo, na sikuinamisha uso. Mwalimu alisoma akatikisa kichwa kukubali.

Shangazi alikuwa ananyemelea nyuma ya bega langu. "Na aliyekuogesha haandikwi?" akauliza.

Nilimtazama. Alikuwa anatazama dari. Nukta zilikuwa zimebaki chache, nikabana herufi, nikaweka jina lake lote, na ubini wake. Alisoma mara mbili kisha akasema nimelikosea herufi moja, ila atalivumilia.

Jumapili, 27 Aprili

Nimebatizwa leo.

Maji yalikuwa ya baridi na Mwalimu alinishika kwa mikono miwili, kama alivyosema. Nilipoitwa jina langu, lile la kwenye fomu, sikugeuka kumtafuta mwenye jina. Kisha kwaya ikasimama. Jua lilikuwa linaingia madirishani, na majoho yakawaka, moja zito, moja la kung'aa, zito, la kung'aa, mstari mzima. Kanisa likaguna kwa pamoja. Nilikuwa nimelowa mpaka kwenye nyusi na sijawahi kusimama wima namna ile. Nilijivuna, naandika bila kuficha. Nilijivuna kuwa wa nyumba hii. Ningejivuna hata kama majoho yangekuwa magunia.

Shangazi alikuwa benchi la mbele. Alisimama hata pale watu walipoambiwa waketi.

Jumanne, 6 Mei

Darasa limekwisha lakini daftari lina kurasa, na leo kuna jambo.

Alikuja mama mmoja, kiongozi wa kwaya ya kanisa jingine. Alikuwa kwenye ufunguzi, siku ile niliyobatizwa. Anataka majoho thelathini ya mahameli, rangi mbili kwa kitambaa kimoja, kama yale. Akauliza ni nani aliyebuni. Tajiri alinitazama, kisha akatazama dirishani, na nikaelewa kwamba ameniachia mlango. Ningeweza kupita, na hakuna ambaye angenizuia.

Nikasema, "Hakubuni mtu. Nilikosea. Nilikata nusu kichwa chini, na huyu mwenzangu aliniuliza mapema nikamdharau."

Yule mama alinitazama, akamtazama Pole. Akauliza, "Mnaweza kukosea hivyohivyo tena?"

"Tunaweza," nikasema. "Safari hii kwa makusudi."

Tajiri alicheka mpaka akajishika ubavu. Akauweka mkasi mezani, katikati yetu wawili, akaondoka bila kusema ni wa nani. Tukalikunjua jora alilokuja nalo yule mama. Tulianza kuchora pamoja, Pole upande ule, mimi upande huu, na ilipofika zamu ya kukata nilinyoosha mkono kuuchukua mkasi kwa mazoea. Akaniwahi. "Pole, dada," akasema, na akanipa chaki kwanza.

Nimechora mishale, mmoja nyuma ya kila kipande, ya majoho kumi na matano ikitazama juu, ya kumi na matano ikitazama chini, minene, kama ya mtu aliyeanza kazi jana. Anayetaka kuiona ageuze kitambaa.